Mwandiko Wangu Nyuma ya Simu ya Tantine

Mwandiko ulikuwa wangu. Hilo ndilo sikumwambia mtu kwa siku nyingi. Namba nne kwa biki ya bleu, kwenye kipande cha sparadrap, ile plasta ya vidonda, kilichobandikwa mgongoni mwa simu ya tantine.

Tantine, shangazi yangu, ni muuguzi katika kituo kimoja cha afya upande wa Simi-Simi, na ninakaa kwake tangu nianze sekondari. Kwetu courant, yaani umeme, inaweza kuja Jumapili ikapotea hadi Jumatano. Kwa hiyo asubuhi kila mtu anapeleka simu yake kwa papa wa charge, mwenye kibanda cha mbao pembeni ya wenze, lile soko dogo la mtaa, na plaque ya umeme wa jua juu ya bati. Desturi ni hii: unaacha simu na sparadrap nyuma yake, na juu ya sparadrap jina lako na code yako, namba ya siri ya kuifungua. Jina, ili simu zisichanganyike. Code, ili papa azime data na betri ijae haraka, na kama mtu amekupigia mara tatu aangalie ni nani, akutumie habari. Hakuna anayeshangaa. Ukimnyima code ni kama umemwita mwizi mbele ya wateja wake. Asubuhi moja tantine alikosa miwani yake akaniambia, "Niandikie ile namba, nimeshachelewa," nikaiandika.

Kama ingeishia hapo, lingekuwa kosa dogo. Lakini mimi pia ndiye niliyemwonyesha jinsi ya kupiga picha daftari.

Daftari hilo ni la watu wanaomeza dawa ya VIH, yaani virusi vya UKIMWI. Alhamisi ndiyo siku yao ya kuja kuchukua. Kila mwezi tantine anapaswa kumfikishia daktari mkubwa wa mjini majina na tarehe. Zamani alikuwa akinakili kurasa zote kwa mkono, anaziweka kwenye bahasha, anampa mtu wa toleka, zile baiskeli zinazobeba abiria. Mara moja mvua ilimkuta njiani na bahasha ikafika kama uji. Mimi ninayeogopa hata kuomba chumvi kwa jirani, siku hiyo nikasema kwa kiburi kabisa: "Tantine, si upige picha, utume tu?" Nikapiga mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, dirisha wazi ili mwanga utoshe.

"Usisome," alisema.

Lakini ili picha isitoke na ukungu lazima uangalie herufi. Niliangalia. Kwenye ukurasa wa tatu niliona jina la mama wa kwanga.

Huyu mama anauza kwanga, ile mihogo iliyofungwa kwenye majani, kwenye kona ninayopita kwenda shule. Ni mtu wa Yanonge, ana sauti ya kuita pirogue, yaani mtumbwi, toka ng'ambo ya mto, na tangu mwaka wangu wa kwanza hapa ameamua nitaolewa na mwanawe, ambaye sijamwona hata siku moja. Ananiita bokilo, yaani mkwe. "Bokilo! Unatembea sawa mutu alimeza kijiti! Mutoto wangu atakula nini na hii mikono nyembamba?" Wauzaji wenzake wanacheka, mimi naangalia viatu vyangu, najibu "Mbote mama" kwa sauti ya panya. Nilikuwa nimezoea. Nadhani nilipenda.

Baada ya ile picha nilianza kupita njia ya nyuma, yenye matope. Nilijiambia ni kwa heshima. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wangu, usije ukasema kitu.

Nilipita matope mwezi mzima. Ndipo ikaja formation kwenye salle, ukumbi wa parokia, kila Jumamosi, ya kuwafundisha kina mama wa mtaa namna ya kulinda simu zao. Aliyeitoa ni dada mmoja aliyemaliza informatique, masomo ya kompyuta, hapa chuo kikuu. Sisi wadogo tunamwita Yaya, yaani dada mkubwa. Mimi niliombwa kushika orodha na kugawa karatasi, kwa sababu naandika vizuri na sisemi. Siku ya kwanza tantine alikaa mstari wa mbele. Mama wa kwanga alikaa nyuma yake. Mimi nilisimama pale ambapo nguzo ilinificha.

Yaya hakuanza na maneno makubwa. "Kila mama aandike code ya namba nne, akunje karatasi, aikalie. Jirani yake iko na nafasi tatu za kuvumbua."

Mama wa kwanga hakuhitaji tatu. Alimgeukia mama mmoja mwalimu aliyekuwa kando yake, akamkazia macho kama anayepima samaki.

"Ni mwaka ule ulizaa mutoto wako wa kwanza."

"Ulijua namna gani?"

"Juu ya huyo mutoto haufungake kinywa! Baptême yake, diplôme yake, mariage yake. Salle muzima inajua code yako."

Watu walicheka hadi mabenchi yakalia. Yaya akaeleza kwamba neno la siri zuri ni refu: maneno manne yasiyojuana, yamekutana tu kama abiria wa boti moja. Akawapa muda wa kutafuta. Na hapo kila mama aliyepata lake alisimama kwa furaha akalitangaza, wenzake wakampigia makofi. "Nyanya, kengele, mamba, askofu!" Yaya alijishika kichwa. "Bamama, bon, tunaanza upya. Haya yote tumeyatupa."

Kisha akauliza: "Ni nani mwingine anajua code yako?"

"Hamuna mutu," walisema.

"Hata mmoja?"

"Hamuna. Ni papa wa charge tu."

Akawaomba watoe simu wazigeuze. Sparadrap, sparadrap, selotepu, sparadrap. Kicheko kilianza tena, lakini safari hii kilikuwa kidogo, kikazimika chenyewe. Tantine hakugeuza kitu. Mikono yake ilikuwa mitupu magotini. Siku hiyo simu yake ilikuwa kibandani, na ndani yake kurasa zote za mwezi. Aligeuka kunitafuta, nikaona kwamba amefikiri kile nilichofikiri.

Sikuomba ruhusa. Nilitoka kwa mlango wa pembeni nikakimbia.

"Eh, petite, unakimbia sawa uliiba mbuzi!" Papa wa charge alikuwa akila makemba, ndizi za kukaanga, vidole vina mafuta. "Simu ya tantine yako iko. Ilijaa zamani."

"Papa," nilisema, na maneno yakakwama kama kawaida yangu. "Papa, uliifungua?"

"Nilifungua, nikazima data. Sawa siku zote. Juu ya nini?"

"Bure tu."

Aliipangusa kwenye suruali, akanipa. Halafu, kwa wema wake, akaongeza: "Ambia tantine yako apigeko picha ya watu. Simu muzuri hivi, na picha ni makaratasi tu! Hamuna hata moja ya mariage."

"Ulisoma?"

"Kusoma mwandiko ya munganga? Munganga mwenyewe hawezi!"

Kwetu hata muuguzi anaitwa munganga, sawa na daktari, na utani huo ni wa kila siku. Niliushika kama mtu anayeshika ukingo wa pirogue. Lakini mwandiko wa tantine si ule wa waganga. Alifundishwa na masista. Herufi zake ni za duara, unazisoma toka mlangoni.

Tantine hakunifokea. Aliporudi kutoka parokia alikaa kwenye ngazi ya nyuma, simu mapajani, akaibandua ile sparadrap polepole, kama anavyobandua kwenye kidonda. Nilimwambia yote ambayo papa alisema. Nikamuuliza kama watamfukuza kazi.

"Hiyo si kitu. Nitauza mikate. Unajua mutu akisikia jina yake ilitoka, anafanya nini? Hagombane. Hashitake. Anaacha tu kuja, sababu njia ya kituo watu wanaiangalia. Na hii dawa, ukiiacha..." Aliikunja ile sparadrap kwenye kidole. "Iko mumoja aliletwa kwa mugongo. Leo anabeba muzigo yake mwenyewe."

Hakutaja jina, na mimi nilikuwa nalijua. Nilikuwa nalo mdomoni kama jiwe kwenye wali, usiloweza kulimeza wala kulitema mbele za watu.

Tulifuta picha. Nikakumbuka kwamba picha zilizofutwa zinakaa kwanza kwenye corbeille ya simu. Nilipoifungua, zote zilikuwa pale, zimepangwa vizuri. Tukazifuta mara ya pili. Tukabadilisha code. Ya sasa tantine aliichagua mwenyewe, amenipa mgongo, na iliniuma, hata kama ndivyo tulivyofundishwa.

Yaya alipoelezwa, bila majina, alisema code mpya ni nzuri ila haitoshi, maana picha zitaendelea kusafiri wazi. Daktari inabidi atengeneze funguo mbili katika kompyuta yake. Moja ni ya wote, clé publique, anaigawa kwa kila kituo bila woga, kwa kuwa kazi yake ni kufunga tu. Ya pili anabaki nayo peke yake, na ndiyo inayofungua. Tantine alitikisa kichwa mara mbili, yaani hakuelewa. "Jumamosi tutaifanya kwa mikono," Yaya alisema. "Kila mama alete cadenas, kufuli ya meza yake."

Ijumaa Yaya akashikwa na malaria. Aliniandikia: "Ni weye utatoa leçon. Daktari alishatuma clé yake, iko kwa ordinateur." Nilisoma ujumbe huo mara nyingi, nikitumaini utabadilika.

Jumamosi nilileta malle yangu, lile sanduku la bati la shule, nikaliweka mezani. Kina mama walikuwa wameleta makufuli yao, mengine yana kutu, mengine mapya. Nilianza kusema.

"Ongeza sauti, bokilo!" Alikuwa mama wa kwanga. "Ama unatufundisha kwa SMS?"

Sikumwangalia. Niliongea na malle. Nilisema kila mama afungue kufuli lake ampe jirani. Walipeana, na kila kufuli lilikwenda na ufunguo wake ukining'inia kwa kamba.

"Hapana, bamama. Bila funguo."

"Bila funguo?" alisema mama wa kwanga. "Mutoto, kwetu unapana mutu cadenas na kubaki na funguo juu ya nini? Ni kumuambia mbele ya watu: weye, sikuamini."

"Ni sawa kupana sufuria na kuficha kifuniko," alisema mwingine.

Walirudisha makufuli mapajani, wote, kama walioambizana. Kwenye karatasi ya somo aliyonipa Yaya hapakuwa na jibu la hilo. Nilimfikiria papa wa charge na mafuta yake vidoleni, mtu asiye na ubaya wowote, ambaye sasa tantine hakuweza kumsalimia vizuri.

"Funguo yako ikipotea kwa mukono ya jirani," nilisema, "lawama itakuwa ya nani?"

"Yake," walisema.

"Hata kama hakuiba?"

Waligeuza makufuli mapajani.

"Donc ukibaki nayo, haumukatale. Unamuondolea lawama."

Nilitaka kukaa chini. Mama wa kwanga alitazama ufunguo wake, akautazama tena, akakata kamba kwa meno. Ufunguo akaufunga kwenye ncha ya kitenge chake, mafundo mawili. "Tuone," alisema. Wengine wakafuata.

Baada ya hapo mikono yao ilifundisha kuliko mimi. Yule mama mwalimu aliandika siri yake kwenye karatasi, akaitia ndani ya malle, akalifunga kwa kufuli la mama wa kwanga. Nikamwambia: "Sasa mama, ifungue." Alivuta. Akavuta tena.

"Lakini ni miye niliandika!"

"Hata weye."

"Na ni miye nilifunga!"

"Hata weye uliyefunga."

Malle likapita benchi kwa benchi, kila mmoja akijaribu nguvu zake, hadi likafika kwa mwenye ufunguo. Mama wa kwanga alifungua fundo la kitenge bila haraka, akafungua kufuli, akasoma, akapiga kelele ya kucheka, akaisokomeza karatasi kifuani.

"Iliandikwa nini?" walimuuliza.

"Cadenas ilisema ni yangu peke yangu!"

Ndipo nikawaonyesha clé publique ya daktari kwenye ordinateur, ile kompyuta ya Yaya: herufi na namba zilizorundikana bila maana. Nikasema hilo ndilo kufuli lililo wazi, ila kwanza tuhakikishe ni la daktari kweli, si la mtu mwingine aliyejipitisha kwa jina lake. Tantine akampigia simu mbele ya wote, akamsomea namba zinazotambulisha kufuli hilo, moja moja, na daktari akamjibu zilezile. Kisha tantine akapiga picha karatasi iliyoandikwa "Mbote docteur", akaifunga kwa lile kufuli. Ikageuka takataka ya herufi. Alijaribu kuifungua mwenyewe akashindwa, akacheka kama mtoto. Tangu Jumamosi iliyopita sikuwa nimemsikia akicheka.

Watu walipotoka nilibaki kukusanya vitu. Nilipogeuka, mama wa kwanga alikuwa bado kwenye benchi.

"Bokilo."

"Mama."

"Tantine yako sasa atatuma kitabu ya kituo na hii cadenas."

"Ndiyo, mama."

"Na mbele? Mbele ya leo alikuwa anatuma namna gani?"

Ningeweza kusema sijui. Angeniamini, watu wakimya wanaaminiwa kwamba hawajui.

"Alituma wazi. Kwa picha."

"Nani alipiga?"

"Ni miye."

Alikaza fundo la kitenge chake. "Donc ulisoma."

"Nilisoma moja tu. Yako." Na nikishaanza sikuweza kuacha. Nilimwambia kuhusu code niliyoandika kwa mkono wangu, kuhusu papa wa charge na picha za makaratasi. "Alisema mwandiko hausomekake. Sijue kama ni kweli. Sijue, mama."

Nilingoja kofi. Kweli, nilitayarisha shavu.

"Yule papa hakusoma," alisema. "Yule akijua kitu saa tano, saa sita wenze muzima inajua. Ni weye."

"Mama, sikuambia mutu hata mumoja!"

"Kwa kinywa, hapana. Mwezi muzima unapita kwa matope juu ya kunikimbia. Bamama wa meza za kando wananiuliza kila siku: bokilo yako anakuogopa nini? Uko na nini? Nilikosa jibu. Alhamisi hii ni zamu yangu ya dawa, na nilishafikiri nisiende. Kama huyu mutoto mukimya anajua, basi nani hajue?"

Nilikuwa nimefuta corbeille, nimefundisha salle nzima kufunga makufuli, na wakati wote huo nilikuwa nikitangaza jina lake kwa miguu yangu.

"Nifanye nini, mama?"

"Lundi upite kwa njia ya mbele. Nitakutukana, na weye ujibu. Kwa sauti ya mutu, si ya panya."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi si yako," alisema, akasimama, akaenda.

Jumatatu nilipita. Aliniona kabla sijamwona.

"Bokilo! Kumbe uko hai? Nilifikiri walishakuzika!"

"Nilikimbia kwanga yako, mama!" nilipaza sauti, na ikatoka juu mno, karibu ipasuke. "Iko nguvu sawa jiwe, itanivunja meno mbele ya mariage!"

Meza zote zililipuka kwa kicheko. Alinirushia jani. "Insolente! Mutoto wangu atakupiga!" Nilicheka pia, machozi yakiwa karibu, nikakimbilia shule.

Siku ya Jumanne hivyohivyo. Jumatano hivyohivyo.

Alhamisi meza ya mama wa kwanga ilikuwa imefunikwa na plastiki, mawe manne juu yake. Nilisimama. Muuza samaki wa meza ya kando aliniita, kisu mkononi.

"Weye, bokilo! Mama-mukwe yako aliacha meza tangu asubuhi. Aliendaka wapi?"

Nilimwangalia usoni, jambo ambalo si desturi yangu.

"Aliendaka kutafuta majani ya kufunga kwanga."

"Leo? Si alileta majani jana?"

"Hayakutosha," nilisema kwa sauti. "Atarudi."

"Bon, umuambie anibakizie kwanga mbili."

"Nitamuambia."

Huenda ilikuwa kweli, sikuwa na njia ya kujua. Nilirekebisha mfuko wangu begani, nikaendelea kwenda shule kwa njia ya mbele, polepole, bila kugeuza shingo kuangalia barabara ya kituo.